Tajiri wa Mwezi wa Tatu

Nchi hii ninayotaka kuwaambia habari zake iko mbali sana, msihangaike kuitafuta. Iko mbali kiasi kwamba wali wa huko unaungua chini kama wetu, mabasi yao yanachelewa kama yetu, na mkubwa wao akisema "hilo tutalishughulikia", wananchi wanafunga vitenge vyao na kurudi nyumbani, kama sisi. Zaidi ya hapo hatufanani hata kidogo. Mtu akija kuwauliza, mwambieni bibi kasema hatufanani.

Mimi niliishi huko. Nilikuwa mpishi wa shule ya bweni ya serikali miaka thelathini na moja. Watoto mia nane, uji asubuhi, ugali mchana, maharage jioni, na sikukuu wali wenye mawe. Kila mwezi, kabla mshahara haujagusa kiganja changu, Mfuko wa Wastaafu ulikuwa umeshauonja. Sikunung'unika. Niliambiwa hicho wanachoonja ni changu, wananitunzia, na siku nikistaafu watanirudishia kwa mkupuo, kikiitwa kiinua mgongo. Mgongo wenyewe ulipinda mwaka wa kumi na mbili. Nikangoja mingine kumi na tisa, nimejiinamia.

Sisi wapishi wa shule za bweni tulikuwa na desturi yetu. Mwenzetu akistaafu, siku ya mwisho anapewa mwiko wake auchukue, ule mkubwa wa kusongea kwa mikono miwili, na anabanduliwa ukoko wote wa sufuria kubwa, aule yeye peke yake huku wengine wamemzunguka wanaimba. Wangu ulikuwa mzuri, mkavu, wa kahawia kama biskuti. Niliula nusu, nusu nikampelekea mume wangu.

Mume wangu ni Mihambo, fundi cherehani. Namwita Baba Kalunde, naye ananiita Mama Kalunde, kwa jina la binti yetu mkubwa. Wakati ninastaafu, macho yake yote mawili yalikuwa yameshaziba kwa mtoto wa jicho, yale mawingu meupe yanayoota ndani ya mboni. Kazi yake ya mwisho ilikuwa suruali ya mwalimu mkuu, mfuko wa nyuma akaushona mbele ya goti.

"Si makosa," aliniambia. "Ni mtindo. Mwalimu akipiga magoti kuomba nyongeza ya mshahara, atakuwa na pa kuitia."

Mipango yetu ilikuwa miwili, na ilikuwa mizuri. Kila mwaka, mwezi wa sita, madaktari wa macho walikuja wilayani kwetu wiki moja, wakawapasua bure wale walioandikwa kwenye Daftari la Wanyonge. Mihambo alikuwa namba kumi na nne. Kwa hiyo macho yangekuwa bure, na kwa kiinua mgongo changu tungenunua cherehani mpya mbili, yeye akashona, mimi nikapiga pasi na kubishana na wateja. Daktari wa wilaya alikuwa ametuonya jambo moja tu: macho yale yameshaiva. Yasipopasuliwa mwaka huu, yatapanda presha ndani na kufa kabisa, na jicho lililokufa hakuna anayelifufua.

Mfuko ukaniita mwezi wa tatu. Milioni sita. Nililia pale pale, karani akanipa karatasi ya kujifutia, halafu akanionyesha mlango wa pili. "Kabla hujapewa, Bibi, unapitia Mamlaka ya Mapato."

*

Mlango wa pili alikaa Bwana Sekibaha, kijana msafi, tai imekaa sawa, kalamu tatu mfukoni. Alisimama kunipokea. Tangu nizaliwe hakuna ofisa aliyewahi kunisimamia, nikageuka kutazama nani kaingia nyuma yangu.

"Hongera sana, Bibi," akasema. "Mwezi huu umepata milioni sita."

"Asante, mwanangu. Ila si za mwezi huu. Ni za miaka thelathini na moja."

"Zimeingia lini?"

"Leo."

"Leo ni mwezi wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Basi ni za mwezi wa tatu." Akanitazama kwa huruma, kama mwalimu anayemtazama mtoto aliyekosa moja kujumlisha moja. "Bibi, fedha haina kumbukumbu. Haikumbuki ilikotoka. Inajua tu siku ilipofika. Na mtu anayepata milioni sita kwa mwezi, katika nchi hii, ni tajiri. Matajiri tunawakata theluthi."

"Mwanangu, mimi ni mpishi. Nikipika Jumatatu uji wa wiki nzima nikauweka, utasema watoto siku ya Jumatatu wamekunywa uji mara saba?"

"Kisheria, ndiyo," akasema bila kupepesa. "Na tungetuma mkaguzi kuuliza mbona hawajanenepa."

Akanionyesha sheria yenyewe. Ilikuwa karatasi moja iliyotolewa kopi, imefifia, imepigwa laminesheni kama kitambulisho. Nikaisoma polepole, kidole chini ya maneno. Ilisema malipo yote ya mkupuo yatahesabiwa kuwa pato la mwezi yalipopokelewa, na yatakatwa kwa kiwango cha juu kabisa, isipokuwa. Hapo ndipo karatasi ilipoishia. Neno la mwisho chini kabisa lilikuwa hilo.

"Isipokuwa nini?" nikauliza.

"Isipokuwa, basi."

"Sentensi haijaisha, mwanangu."

"Bibi, nimeitumia sheria hii miaka kumi na moja na haijawahi kuendelea. Imeishia hapo. Watunga sheria ni wasomi, wakitaka kunyamaza wananyamaza." Akavuta fomu. "Zaidi ya fedha, kuna kitu kingine ulichopewa na mwajiri?"

Mimi sijui kusema uongo kwenye ofisi. Nikamtajia mwiko. Akaandika: mwiko mmoja wa mninga, urefu mita moja na nusu, zawadi isiyo ya fedha. Nikamtajia na ukoko. Akafikiri sana, akaenda kumuuliza mkuu wake, akarudi, akaandika: chakula cha upendeleo.

"Uliula wote?"

"Nusu. Nusu nilimpa mume wangu."

"Aaa. Basi hapo kuna uhamisho wa mali."

Nilitoka na milioni nne pungufu kidogo, hicho kidogo kikiwa kodi ya ukoko, na cheti chenye mhuri wa dhahabu kilichosema kwamba mimi, Nyamizi, mpishi mstaafu, ni Tajiri wa Mwezi wa Tatu.

Nilipomsomea Mihambo alicheka mpaka akakohoa. "Siku zote nilitaka kuoa tajiri," akasema. "Mbona umechelewa hivyo?"

Nikacheka na mimi. Milioni nne bado ni cherehani mbili, nikajiambia. Macho ni bure. Mtu mwenye subira anahesabu kilichobaki.

*

Mwezi wa nne ikaja barua. Mamlaka ya Mapato inamsalimu Tajiri na kumkumbusha kodi ya mwezi wa nne, milioni mbili, ambayo haijaonekana.

Nikarudi kwa Bwana Sekibaha. Hakusimama tena.

"Bibi, umechelewa kulipa."

"Kulipa nini? Mwezi wa nne sijapata kitu. Nimeuza mafungu matatu ya mchicha."

"Mchicha huo nao tutauongelea." Akageuza kompyuta niione, kana kwamba ningeielewa. "Tatizo ni kwamba kompyuta imekuzoea. Mwezi wa tatu ulipata sita. Kwa hiyo inatarajia sita kila mwezi mpaka ufe, kisha inatarajia kutoka kwa warithi."

"Nitapataje kiinua mgongo kila mwezi? Mgongo ninao mmoja!"

"Ndiyo maana kuna utaratibu. Unachukua Cheti cha Kutokuwa na Kipato."

"Nipe basi."

"Laki nane."

Nikamwambia mtu anayeomba cheti cha kukosa, laki nane anazitoa wapi. Akanieleza taratibu, akihesabu kwa kalamu moja juu ya nyingine: ada ya cheti inafuata tabaka la mwombaji. Mnyonge anapewa bure. Mimi niko tabaka la matajiri, na matajiri hulipia laki nane kuthibitisha kwamba wao si matajiri. Nisipochukua cheti, deni la kodi linazaa kila siku.

Nililipa. Imebaki milioni tatu na kidogo. Cheti kikaandikwa vizuri sana, kikasema: kuanzia mwezi wa nne sina kipato. Chini kwa maandishi madogo: hadhi ya utajiri itaendelea kwa miezi kumi na miwili, kwa kumbukumbu.

Hayo maandishi madogo sikuyaelewa mpaka nilipopita ofisi ya mtendaji kuulizia madaktari wa macho. Mtendaji wetu alikuwa mtu wa maneno makubwa. Alipoishiwa na mambo ya kutenda, alitenda maneno.

"Mama yangu mpendwa," akasema, akifungua Daftari la Wanyonge taratibu kama msahafu, "mume wako alikuwa namba kumi na nne. Namba hiyo imeondolewa kwa kalamu nyekundu. Kaya yako imepanda. Taifa linakupongeza. Haiwezekani tajiri akalala kwenye mkeka wa wanyonge huku wanyonge wamelala chini!"

"Mtendaji, unanijua. Jana uliniona nachuma mboga porini."

"Nilikuona. Nikasema moyoni, tazama tajiri asiye na makuu." Akafunga daftari. "Na kwa kuwa umefika, kuna mchango wa ukuta wa ofisi. Matajiri wa kata wanachangia elfu hamsini. Mpaka sasa mko mmoja."

Siku hiyo nilitembea nyumbani polepole. Jirani yangu Bi. Kashindye alikuwa anafua, akaniita toka mbali, "Bosi! Bosi, usitupite, tukopeshe hata sabuni!" Kila siku tulikuwa tunataniana. Siku hiyo nilipita tu. Mihambo alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, akizisikiliza hatua zangu.

"Wamenitoa," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Umejuaje?"

"Unatembea kama mtu aliyebeba sufuria iliyojaa."

*

Mwezi wa tano likaja gari. Gari jeusi, na dereva mwenye glavu, katika mtaa ambao hata gari la taka halifiki. Dereva akaniinamia: nimealikwa mjini, Siku ya Walipakodi Bora, mimi na mwenzi wangu.

Sababu yake ilikuwa rahisi, walinieleza njiani. Mamlaka ilikuwa imepanga majina ya watu wote wa nchi kwa pato walilotangaza mwezi wa tatu, kutoka juu kwenda chini. Wafanyabiashara wakubwa wote walikuwa wameandika hasara. Wenye migodi walikuwa kwenye msamaha wa miaka ishirini, kwa kuwa bado wanazoea hali ya hewa. Waheshimiwa walisamehewa. Aliyebaki juu, wa kwanza kitaifa, alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Wa pili alikuwa mkunga aliyestaafu siku mbili baada yangu.

Ukumbi ulikuwa na vitambaa mezani. Mihambo alikishika cha kwetu kwa vidole viwili akaninong'oneza, "Satini. Imepindwa kwa mkono. Mama Kalunde, hapa tumefika." Chakula kilikuja kwenye sahani kubwa kikiwa kidogo katikati, kama kimepotea. Sikutia neno, lakini mpishi wa pale, ningekuwa mimi mkuu wake wa jikoni, ningemwambia aongeze maji.

Kushoto kwa Mihambo alikaa Mheshimiwa mmoja, mnene, mcheshi, anacheka na kila mtu. Mihambo alipompa mkono alimgusa pia mkono wa koti.

"Mheshimiwa," akasema, "samahani, mimi ni fundi. Koti hili limebanwa kwapani. Aliyekushonea alikuogopa."

Mheshimiwa akacheka sana. "Limetoka nje, mzee wangu!"

"Najua. Kitambaa cha namna hii, mita moja ni mshahara wa mpishi mwezi mzima. Hapa umevaa mita nne na nusu." Mihambo hakusema kwa ubaya. Yeye alikuwa anapima tu.

Mimi nikamuuliza Mheshimiwa, kwa adabu, kama na yeye atastaafu. Akasema ameshastaafu mara mbili. Kila baada ya miaka mitano bunge likivunjwa wanapewa kiinua mgongo, cha kwake cha mwisho kilikuwa milioni mia mbili na arobaini, na mwaka huu anatarajia kingine.

"Milioni mia mbili kwa mwezi mmoja!" nikasema. "Basi wewe ndiye tajiri wa kwanza, mimi nimekukalia kiti. Walikukata ngapi?"

"Kunikata?" Alishangaa kweli, uso wake ulikuwa wa mtoto. "Mama, mimi niko ukurasa wa pili."

"Ukurasa wa pili wa nini?"

"Wa sheria. Upande wa nyuma. 'Isipokuwa: kwanza, Waheshimiwa, ambao malipo yao hayatakatwa chochote ili kulinda heshima ya chombo.' Nakumbuka vizuri, niliinyooshea mkono mimi mwenyewe. Chini yetu palikuwa na wengine, sijui namba mbili, watumishi wa ngazi ya chini, wapishi, watu wa jikoni jikoni huko, eti fedha yao igawanywe kwa miaka waliyofanya kazi, na ikionekana ni ndogo kila mwezi isikatwe." Akajifuta midomo. "Hapo sikusoma sana, tulikuwa tunawahi chakula."

Nikaweka uma chini. Mihambo akatafuta mkono wangu chini ya meza akaushika, maana alinijua. Alijua nikiwa na hasira sisemi kitu, napumua tu kwa pua.

Waziri wa Mapato akahutubia. Alisema kodi ni damu ya taifa na wastaafu ndio mishipa yake. Alisema nchi zilizoendelea zinakuja kujifunza kwetu namna ya kumtajirisha mtu kwa karatasi peke yake, bila kumwongezea senti. Alisema umaskini umepungua kwa asilimia nne tangu sheria ianze, kwa kuwa kila mwezi maskini elfu kadhaa wanastaafu na kuwa matajiri. Watu wakapiga makofi. Kisha nikaitwa kutoa neno la shukrani. Nilikuwa nimeandikiwa kwenye kikaratasi: "Nashukuru kukatwa."

Nikashika kipaza sauti kama ninavyoshika mwiko. Nikasema, "Nimeandikiwa niseme nashukuru. Haya, nimeshasema. Sasa naomba kitu kimoja tu, Mheshimiwa Waziri. Naomba ukurasa wa pili."

Halafu Waziri akainuka, mikono juu, macho yamejaa machozi.

"Mmemsikia?" akapaza sauti. "Mmemsikia bibi huyu? Ukurasa mmoja wa kodi haumtoshi! Anaomba wa pili! Uzalendo ulioje!"

Wakasimama wote kunipigia makofi. Mheshimiwa mnene alipiga kuliko wote. Nikapewa kikombe cha fedha, na mlangoni tulipokuwa tunatoka, binti mmoja mwenye kitabu cha risiti akakipima.

*

Kesho yake nilikuwa kaunta kabla hawajafungua. Bwana Sekibaha aliponiona alijaribu kutabasamu.

"Mwanangu," nikamwambia, "ile karatasi yako ina mgongo."

Akaichukua ile sheria yenye laminesheni, akaigeuza. Nyuma palikuwa peupe. Akaangalia mlango, akainama karibu yangu, na kwa mara ya kwanza akaongea kama mtoto wa mtu.

"Bibi, ile mashine ya kopi inatoa upande mmoja tu. Tulipoletewa sheria, miaka kumi na moja iliyopita, bosi alisema tutoe kopi kumi, na sheria yenyewe irudi makao makuu. Tukatoa. Upande mmoja."

"Na hamkuliona neno 'isipokuwa' linaning'inia?"

"Tuliliona."

"Mkasemaje?"

"Bosi alisema tusiongeze maneno kwenye sheria."

"Waliokuja kabla yangu, wangapi?"

Alitazama tu chumba cha pembeni, mlango ulikuwa wazi, mafaili yamepangwa mpaka darini. Wapishi. Wakunga. Wasukuma matoroli wa hospitali. Wafagiaji wa nchi nzima, wamefungwa kamba, wamepigwa mihuri.

"Hakuna hata mmoja aliyeuliza?"

"Walikuwa wanalia tu, Bibi. Kulia hakuna fomu yake."

Nilijaza ombi la ukurasa wa pili. Unaombwa makao makuu, siku sitini za kazi. Nikahesabu kwa vidole. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja baada ya siku kumi na tisa.

*

Tulikwenda hata hivyo. Tulipanga foleni pale hospitali ya wilaya toka saa moja asubuhi, Mihambo kavaa shati alilojishonea zamani wakati anaona, mishono yake imenyooka kama mistari ya daftari. Mlinzi aliposoma majina, namba kumi na nne ilikuwa mtu mwingine. Nikamsogelea daktari mwenyewe, mtu mzima, amechoka, nikamwomba amtazame tu.

Alimmulika jicho moja, akammulika la pili. Akaguna.

"Haya si ya kungoja," akasema. "La kushoto hasa. Wiki chache. Ningekuwa na ruhusa ningemlaza sasa hivi, ni dakika ishirini kila jicho."

"Ruhusa ya nani?"

"Jina lake lina alama nyekundu. Nikimpasua bure mtu wa tabaka la matajiri, naambiwa nimemsaidia kukwepa gharama. Mwaka jana mwenzetu alifungiwa kazi." Alishindwa kunitazama. "Nenda hospitali ya kulipia, mama. Usikae."

Hospitali ya kulipia ilikuwa na sakafu inayoteleza na samaki kwenye kioo. Binti wa mapokezi akatupa bei kwa sauti nzuri: milioni tatu kwa jicho moja.

Nilikuwa nazo milioni tatu na laki moja. Nilikuwa nimezibeba kifuani, kwenye kitambaa, toka nyumbani. Sikuhitaji kuzihesabu. Milioni mbili za Sekibaha na laki nane za cheti, zingekuwa pale pamoja na zangu, upungufu ungekuwa mdogo, wa kuzibwa kwa kuuza kile kikombe. Kikombe nilikuwa nimeshaulizia, kilikuwa bati.

"Naomba nikope la pili," nikasema. "Nitalipa kidogo kidogo."

Binti akaangalia kompyuta, akafurahi. "Mama, wewe hapa umeandikwa tajiri! Matajiri hawakopeshwi, wanalipa taslimu."

Tukakaa kwenye benchi.

"Baba Kalunde," nikasema, "chagua."

"Nichague nini?"

"Jicho."

Akainua mkono wa kulia hewani, akashika sindano ambayo haikuwapo, akaisogeza karibu na uso, akakadiria, kama anavyofanya kila siku tangu nimjue.

"La kulia," akasema. "Natungia uzi kwa la kulia." Halafu akaongeza, "La kushoto lilikuwa la kukutazamia wewe wakati nashona. Ulikuwa unakaa upande huo."

*

Walipomfungua bandeji alinitazama muda mrefu kwa lile moja.

"Umezeeka, Mama Kalunde."

"Mwezi wa tatu," nikamwambia. "Kisheria nimezeeka yote mwezi wa tatu, kwa mkupuo."

Alicheka, nami nikacheka, nesi akadhani tumefurahi.

La kushoto lilikufa mwezi wa nane. Liliuma siku nne, akilishikilia kwa kiganja, kisha halikuuma tena. Mwezi wa tisa ikaja barua kutoka makao makuu. Ukurasa wa pili ulikuwa umepatikana. Mamlaka inakiri kwamba fedha yangu, ikigawanywa kwa miaka thelathini na moja, haikupaswa kukatwa hata senti moja, na inafurahi kunirudishia milioni mbili. Marejesho hayo, kwa kuwa ni malipo ya mkupuo, yatahesabiwa kuwa pato la mwezi wa tisa, yatakatwa kwa kiwango cha juu, na hadhi yangu ya utajiri itaongezwa miezi kumi na miwili. Isipokuwa. Na hapo barua ikaishia.

Mimi ni mtu wa subira. Nimengojea maharage ya serikali yachemke miaka thelathini na moja, na yale maharage mnayajua. Lakini siku hiyo nilichukua daftari la mjukuu, nikakaa mezani, nikaandika kwa mkono wangu, pande zote mbili za karatasi. Nilipomaliza nilimpa Mihambo asome, akasoma kwa jicho la kulia, hakubadilisha hata neno. Nikaipeleka kaunta mwenyewe nikagongewa mhuri wa kupokelewa. Niliandika hivi:

Kwa Mamlaka ya Mapato. Mlinichukulia milioni mbili, laki nane na jicho moja. Milioni mmeniandikia risiti. Laki nane mmeniandikia risiti. Hata ukoko mmeuandikia. Jicho hamjaliandikia. Naomba risiti ya jicho. Liandikeni hivi: jicho la kushoto la Mihambo, fundi cherehani, lilikuwa hai, limepokelewa.

Sitaki mlirudishe, maana mkilirudisha mtasema ni pato. Kaeni nalo. Liwekeni hapo kaunta, karibu na ile mashine yenu ya kopi, litazame nani anapita bila kukatwa. Ni jicho la kazi, halina uvivu. Lilizoea tundu la sindano. Mtu wa mita nne na nusu halitamkosa.